Gari Bila Namba, Akaunti Bila Jina

Kumvusha mtu mpaka bila hati ya hakimu ni kazi isiyohitaji utaalamu mkubwa. Inahitaji gari, usiku, na geti ambalo askari wa pande zote mbili wameshapigiwa simu. Kuwanyamazisha majirani wasiulize alikopelekwa ni kazi ya pili, na siku hizi hufanyiwa mtandaoni, na watu wasiojulikana majina. Katika Afrika Mashariki kazi zote mbili zilifanyiwa mazoezi kwa Waislamu kabla ya kuwafikia wengine. Njia ya nchi kavu kutoka Nairobi kwenda Kampala ina milango miwili mikubwa tu, Malaba na Busia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya historia hii hupita katika kaunti moja ya magharibi mwa Kenya, Busia, ambayo wengi huijua kwa foleni za malori tu.

Mji wa Nambale, katika kaunti hiyo, hauko mpakani hasa. Uko ndani kidogo, katika nchi ya Wakhayo, kwenye barabara itokayo Busia kwenda Mumias. Upande wa kaskazini, Malaba ni kwa Wateso, na kusini kuna Wasamia. Makabila haya mawili yana ndugu zao ng'ambo, kwa kuwa mstari ulichorwa katikati ya nyumba zao. Hadi 1902 eneo lote hili lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakalihamishia himaya ya upande wa pili. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa imeshafika kwa Nabongo Shiundu na mwanawe Mumia katika karne ya 19, ikaacha dini, kanzu na lugha. Kwa hiyo Uislamu wa magharibi ni mkongwe kuliko mpaka wenyewe, jambo linalosahauliwa kila mara ofisa anapomuuliza kijana mwenye jina la Juma au Ramadhani babu yake alitoka wapi.

Watu wa huku wameuzoea mpaka kama watu wa pwani walivyoizoea bahari. Neno boda boda lilizaliwa hapa, kwa waendesha baiskeli waliobeba abiria na mizigo kutoka geti moja hadi jingine. Njia za panya zinajulikana na kila mtoto. Tangu Februari 2018, marais wa nchi hizi mbili walipozindua kituo cha pamoja cha Busia, msafiri mwenye karatasi zake hukaguliwa upande mmoja tu akaenda zake. Mwenye karatasi huandikwa kitabuni. Habari ya safu hii ni ya wale waliovuka pasipo kuandikwa.

Mazoezi ya kwanza hayakuwa ya barabarani. Mwishoni mwa 2006 jeshi la Ethiopia liliingia Somalia na kuuangusha utawala wa Mahakama za Kiislamu. Waliokimbilia Kenya, wakiwemo wanawake na watoto, walikamatwa mpakani, zaidi ya 150 kwa jumla. Wengi walifungiwa katika vituo vya polisi vya Nairobi bila kufikishwa mahakamani. Kati ya Januari na Februari 2007 ndege tatu zilirusha zaidi ya 80 kati yao kurudi Somalia, na kutoka huko wakaishia katika jela za Ethiopia. Wakenya walikuwemo. Mkenya mwingine, aliyekamatwa Mombasa mwaka huo huo, alikabidhiwa kwa Wamarekani na kupelekwa Guantánamo. Alirudishwa Kenya Desemba 2024, miaka 17 baadaye, bila kuwahi kushtakiwa. Serikali ilijibu kwa muda mrefu kwamba waliosafirishwa hawakuwa raia. Jibu hilo linastahili kukumbukwa, kwa sababu ndiyo propaganda katika umbo lake la mwanzo: kabla ya kumwita mtu gaidi, mwite mgeni.

Kisha ikaja 11 Julai 2010. Mabomu yalilipuka Kampala, katika klabu ya ragbi ya Kyadondo na mkahawa wa Ethiopian Village, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Waliokufa walikuwa 76. Wanamgambo wa Al-Shabaab wa Somalia walikiri, wakisema ni kisasi kwa majeshi ya Uganda yaliyokuwa Mogadishu. Uovu wa tendo lile haupunguzwi na lolote lililofuata, na lililofuata halihalalishwi na uovu huo.

Kati ya Julai na Septemba, Waislamu kadhaa wa Kenya walikamatwa na polisi wa kupambana na ugaidi, wakapakiwa magarini na kukabidhiwa kwa maofisa wa Uganda. Sheria ya kufanya kazi hiyo kwa njia safi ilikuwepo. Sura ya 76 ya Sheria za Kenya inaeleza jinsi hati ya kukamata iliyotoka nchi jirani inavyoidhinishwa, na jinsi mtuhumiwa anavyofikishwa kwa hakimu wa Kenya, akasikilizwa, ndipo akahamishwa. Si safari ndefu ya kisheria. Mwaka 2015 Tanzania ilimpeleka Jamil Mukulu, kiongozi wa waasi wa ADF, mbele ya hakimu wa Kisutu kabla ya kumkabidhi Uganda, na anga haikuanguka. Waliovushwa mwaka 2010 hawakupata hata saa moja ya namna hiyo.

Kalenda yenyewe inachoma. Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi 27 Agosti 2010, katikati kabisa ya miezi ile. Ibara ya 25 inataja haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote, na mojawapo ni haki ya kufikishwa mahakamani kwa amri ya kumtoa mtu aliyefichwa. Familia moja iliitumia. Mwishoni mwa Septemba Mahakama Kuu ya Nairobi, chini ya Jaji Aggrey Muchelule, ilikubali kwamba ndugu yao alihamishwa kinyume cha sheria. Lakini alikuwa ameshavuka. Amri ya jaji wa Nairobi inaishia kwenye geti la Malaba, na waliompeleka walilijua hilo kabla ya kuwasha gari.

Aliyejaribu kuzifuatilia kesi hizi huko huko Kampala alikuwa Al-Amin Kimathi, kiongozi wa Muslim Human Rights Forum, shirika lililokuwa limekusanya orodha za abiria wa ndege za 2007. Alikwenda na wakili Mbugua Mureithi kuhudhuria kesi, na 15 Septemba 2010 wote wawili wakakamatwa. Wakili alirudishwa Kenya baada ya siku chache. Kimathi alishtakiwa kwa ugaidi, akakaa gereza la Luzira karibu mwaka mzima, kisha mashtaka yakaondolewa Septemba 2011 bila ushahidi wowote kuwekwa mezani. Kwa mwaka huo wote jina lake lilisomwa katika orodha moja na ya watuhumiwa wa mabomu. Hakuna kampeni ya mtandaoni ambayo ingeweza kumchafua kuliko karatasi ile ya mashtaka.

Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilitoa hukumu mbili mwaka 2013 ambazo mtu akizisoma pamoja anapata picha nzima. Aprili, kitengo chake cha rufaa kilitupa shauri la Omar Awadh na wenzake sita waliolalamikia kuhamishwa kwao kutoka Kenya, kwa sababu walichelewa: Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 30, unatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Wenyewe walikuwa ndani, wengine hawajaonana na wakili kwa wiki nyingi. Mwezi uliofuata, mahakama hiyo hiyo ilimpa ushindi wakili Samuel Mohochi, aliyezuiwa uwanja wa Entebbe 13 Aprili 2011 alipokwenda na ujumbe wa kuzungumzia mambo haya haya. Kumzuia wakili asiingie Uganda kulikuwa kosa. Kumwingiza mtu Uganda kwa nguvu kulikuwa suala la tarehe.

Hukumu ya Kampala ilikuja 26 Mei 2016. Jaji Alfonse Owiny-Dollo aliwatia hatiani washtakiwa saba kwa ugaidi na mauaji. Watano wakapewa kifungo cha maisha na wawili miaka 50. Watano wengine waliachiliwa kwa mashtaka yote baada ya karibu miaka sita gerezani, ingawa furaha yao haikufika getini kwani walikamatwa tena papo hapo. Wapo wanaosema saba waliopatikana na hatia wanathibitisha kwamba njia ya mkato ilifaa. Watatu kati ya watano walioonekana hawana hatia walipita njia hiyo hiyo, na hakimu wa Kenya, kama angepewa nafasi, ndiye angekuwa wa kwanza kuuliza ushahidi uko wapi.

Nyumbani, njia hiyo ya mkato ilikuwa imeshachukua sura nyingine. Mombasa, mahubiri ya Sheikh Aboud Rogo yaliuzwa kwa CD na kusambaa kwa simu. Aliuawa kwa risasi ndani ya gari 27 Agosti 2012. Sheikh Ibrahim Ismail aliuawa Oktoba 2013, na Abubaker Shariff, maarufu Makaburi, 1 Aprili 2014, nje ya mahakama ya Shanzu. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mwezi huo wa Aprili maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikusanywa katika uwanja wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho. Shirika la haki za binadamu la Haki Africa lilipochapisha hesabu yake mwaka 2016, liliorodhesha watu 81 wa pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012. Shirika hilo na mwenzake MUHURI yalikuwa yameshaonja joto ya jiwe: Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali iliyaweka katika orodha ya washukiwa wa kufadhili ugaidi na kufunga akaunti zao za benki. Mahakama Kuu ya Mombasa ilizifungua mwishoni mwa mwaka, haikuona ushahidi.

Hapa ndipo mtandao unapoingia. Vita ya maneno ilianza waziwazi. Baada ya Kenya kuingiza jeshi Somalia Oktoba 2011, Al-Shabaab walifungua akaunti ya Twitter mwezi Desemba, na msemaji wa jeshi la Kenya, Meja Emmanuel Chirchir, akawa anajibizana nao mchana kutwa. Januari 2012 alichapisha picha za mtu aliyepigwa mawe, akisema ni kijana wa Kenya aliyeuawa Kismayu. Picha zilikuwa za 2009. Kosa lile lilisahihishwa upesi kwa sababu moja tu, kwamba akaunti ilikuwa na jina na cheo. Msomaji alijua wa kumuuliza.

Al-Shabaab nao walianzisha mwaka huo jarida la Kiswahili, Gaidi Mtaani, kuwalenga vijana wa Kenya na Tanzania. Upande wa pili ukaja na lugha hiyo hiyo. Kamandi ya jeshi la Marekani barani Afrika iligharimia tovuti ya habari iitwayo Sabahi, kwa Kiswahili, Kisomali na Kiingereza, kuanzia 2012 hadi ilipofungwa 2015. Ilionekana kama gazeti lolote: waandishi wa Nairobi na Mogadishu, picha nzuri, hadithi za vijana waliojuta. Mdhamini alitajwa, lakini ilimbidi msomaji afungue ukurasa wa maelezo ambao karibu hakuna mtu huufungua. Mwaka 2013 gazeti la Washington Post lilifichua jambo zito zaidi. Kampuni ya Navanti, iliyokandarasiwa na makomando wa Marekani, ilikuwa ikikusanya habari za mhariri wa tovuti ya Kisomali, naye ni raia wa Marekani aliyekuwa Minnesota, na habari hizo zikafika kwa FBI. Kampuni iliyoajiriwa kushindana na propaganda ya ng'ambo iliishia kuandaa faili la mtu aliyekuwa akiandika nyumbani kwake.

Propaganda ya siri hutofautiana na uongo wa kawaida. Mara nyingi yaliyomo ni kweli. Vijana wa Sabahi huenda walijuta kikweli. Kinachofichwa ni mwenye mali. Mtu anayesoma tangazo la wizara hulipima kama tangazo la wizara; akisoma maneno hayo hayo yakitoka kwa akaunti ishirini zenye majina ya Otieno, Wanjiku na Amina, anadhani ni rai ya watu. Jeshi la Myanmar lilifanya hivyo kwa kurasa za Facebook zilizojifanya za burudani na waimbaji, zikapanda chuki dhidi ya Warohingya hadi zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017. China ilipolaumiwa kwa makambi ya Xinjiang, zilijitokeza maelfu ya video za Wauighuri wakisema wako huru, na waandishi wa New York Times na ProPublica walioziweka pamoja mwaka 2021 waligundua sentensi zile zile zikirudiwa kutoka mdomo hadi mdomo.

Uganda inatoa mfano wa karibu zaidi, na watu wa Busia waliuona kwa macho. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 14 Januari 2021, Facebook iliondoa mtandao wa akaunti bandia uliohusishwa na kituo cha mawasiliano cha serikali ndani ya Wizara ya Habari na Teknolojia. Akaunti hizo zilimpigia debe Rais Museveni na kumchafua mpinzani wake, Bobi Wine. Serikali ilijibu kwa kuifunga Facebook nzima, kisha intaneti yote kwa siku kadhaa. Mnara wa simu haujui mpaka: aliyekuwa upande wa Uganda na laini ya Safaricom mfukoni aliweza kusogea karibu na geti akasoma ya Kampala kupitia Kenya. Intaneti ilirudi, Facebook ikabaki imefungwa, na VPN ikawa kitu cha kawaida kama vocha. Novemba mwaka huo mabomu yalilipuka tena Kampala, na siku mbili baadaye askari wakamuua Sheikh Muhammad Abas Kirevu, wakisema alikuwa mwajiri wa ADF. Wakati huo uwanja mkubwa wa kuuliza maswali ulikuwa umeshazingirwa.

Upande wa Kenya soko ni la rejareja. Utafiti wa Mozilla uliotolewa Septemba 2021, wa Odanga Madung na Brian Obilo, ulipata akaunti zaidi ya 3,700 za Twitter katika kampeni za kuwachafua majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa kubadili katiba ulioitwa BBI. Washiriki walipewa hashtagi na maneno kupitia vikundi vya WhatsApp, wakaambiwa saa ya kuanza, na kulipwa kati ya dola 10 na 15. Kwa kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, iwe Nambale au Nairobi, hiyo ni kazi kama kubeba mizigo. Ripoti ya Amnesty ya Novemba 2025 ilitaja bei nyingine: mmoja wa wanaolipwa alisema kundi lake hupata kati ya shilingi 25,000 na 50,000 kwa siku kuzamisha hashtagi za waandamanaji. Katika ripoti hiyo hiyo Hanifa Adan, mwanahabari aliyekuwa mstari wa mbele katika maandamano ya 2024, alieleza matusi aliyoshushiwa kwa dini yake na Usomali wake. Maneno ya 2007 yalikuwa yamerudi neno kwa neno: si wetu, ni mgeni. Safari hii hakuna ofisa aliyeyasema. Yalisemwa na picha za wasifu zenye bendera ya Kenya.

Uangalizi wa Kiswahili mtandaoni ni hafifu kwa pande zote. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilipeleka Facebook matangazo ya chuki ya majaribio kwa Kiswahili na Kiingereza, yakaidhinishwa. Mwaka huo taasisi ya ISD ilikuta kurasa za wafuasi wa Al-Shabaab na Dola la Kiislamu, nyingine za Kiswahili, zikiwa wazi na wafuasi makumi ya maelfu. Kampuni zinazokosa macho ya kumwona mchochezi hazina pia macho ya kumwona bloga wa serikali. Katikati amebaki Mwislamu wa kawaida, anayeshukiwa na huyu na kuwindwa na yule.

Kuanzia 2024 njia iliyofunguliwa kwa Waislamu ikawa ya wote. Julai mwaka huo wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa Kisumu, wakasafirishwa hadi Uganda na kushtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Walisema walikwenda semina. Tarehe 16 Novemba mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa Nairobi, na siku nne baadaye akaonekana kizimbani katika mahakama ya kijeshi ya Kampala. Nairobi ilikana kuhusika, hadi waziri wake wa mambo ya nje, Musalia Mudavadi, alipokiri mwaka uliofuata kwamba Kenya ilishirikiana na jirani. Ndani ya nchi, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba 2024, 29 wakiwa bado hawajulikani walipo. Mashahidi walieleza yale yale ambayo familia za Majengo na Eastleigh zilikuwa zikieleza kwa miaka 15: magari yasiyo na namba au yenye namba za kubadilishwa, wanaume waliofunika nyuso, kituo cha polisi kisicho na kumbukumbu yoyote. Familia hizo zilipoeleza, Wakenya wengi walijibu kwamba lazima kuna kitu walifanya.

Tarehe 1 Oktoba 2025 wanaharakati wawili wa Kenya, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walichukuliwa Kampala na watu wenye silaha. Polisi na jeshi la Uganda walikana kuwashikilia. Walipoachiwa baada ya siku 38, Rais Museveni alisema hadharani kwamba waliwekwa "kwenye friji" kwa muda. Hawakushtakiwa kwa lolote, wala hakuna hakimu aliyewaona. Walirudishwa usiku kwa barabara, na walikokabidhiwa kwa maofisa wa Kenya ni kwenye geti la Busia.